Anayetaka Chumvi Aje Aniombe

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye jiko la kiwanda kimoja cha nguo pale Thika, nilipewa mwiko mrefu kunishinda na kuonyeshwa sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Maharagwe yalikuwa yanatokota. Mpishi Mkuu, mzee mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani, alisimama nyuma yangu akasema, "Koroga kutoka chini, msichana. Ukikoroga juu juu, chini kutaungua na wewe utakula lawama." Nikakoroga kutoka chini. Nimekoroga kutoka chini maisha yangu yote, na lawama nimekula vilevile.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa kupika kwenye kantini, kwenye mabweni ya shule, na kwenye hizo hoteli ndogo zinazofunguliwa kila kona ya Ruiru. Mnajua mengi ambayo sisi hatukuyajua, na majiko yenu hayatoi moshi. Lakini kuna jambo moja ambalo watu watawachukia kwa sababu yake, nami nataka mlishike hata hivyo. Mpishi anaushika moyo wa mtu kila siku, na mwenye moyo huo haulizwi wala hajui.

Ngoja niwaeleze tulivyopika. Tuliteleka, yaani tulibandika sufuria motoni, kabla mafundi wa zamu ya asubuhi hawajaingia. Chakula cha mchana kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe pamoja, au ugali na mchuzi wa nyama, na kabichi iliyopikwa mpaka ikasahau kuwa ilikuwa majani. Mchuzi ukishaiva, Mpishi Mkuu alikuja mwenyewe na upawa kufanya kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine. Aliiita kuuvisha mchuzi. Alichota mafuta ya kuganda kutoka kwenye debe, akayatia juu kabisa mwishoni, yakayeyuka na kung'aa. "Mchuzi usiong'aa uko uchi," alisema. Chumvi aliitia kwa kiganja, kisha akaongeza ule unga wa mchuzi wa pakiti, ambao wenyewe ni chumvi tupu iliyotiwa rangi. Halafu kila meza ilikuwa na kikopo chake cha chumvi.

Hapo ndipo palipokuwa na desturi iliyonishangaza tangu mwanzo. Wafanyakazi walikaa, wakavuta kikopo, wakatikisa chumvi juu ya sahani, kisha ndipo wakaonja. Hakuna aliyeonja kwanza. Hata ningewapikia jiwe la chumvi wangelitia chumvi. Ilikuwa kama kufunga mkanda wa suruali, mkono ulienda wenyewe. Mmoja wao alikuwa Ndung'u, mpakiaji wa marobota ya vitambaa, mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika mpaka getini. Alitikisa kikopo kuliko wote. Nilimpenda hata hivyo, tukaoana, tukampata binti yetu Wanjiku. Kwa hiyo mkisikia nikimsema humu ndani, jueni nasema mali yangu.

Mpishi Mkuu alikuwa na asidi. Ndivyo alivyoiita, na ndivyo watu wetu wanavyoiita mpaka leo. Kifua kikibana, ni asidi. Ukipanda ngazi ukaishiwa na pumzi, ni gesi. Alitembea na magadi kwenye mfuko wa aproni, akiyakoroga kwenye kikombe cha maji na kunywa, kisha akacheua na kusema, "Haya, imetoka." Kwa muda mrefu tulimwona akipumzika nusu ya njia kila akibeba gunia, na tukamtania kwamba amezeeka.

Asubuhi moja alianza kutoka jasho. Si jasho la jikoni, hilo tulilijua. Alikuwa amesimama mlangoni, penye upepo, na jasho lilikuwa baridi. Alijisugua kifua, akajishika taya kama mtu anayeumwa jino, akalalamika kwamba mkono wa kushoto umekuwa mzito. "Ni asidi ya nyama ya jana," alisema. Tukamkorogea magadi. Akanywa, akacheua, sote tukafurahi. Akaketi juu ya gunia la maharagwe, king'ora kikalia, tukaenda kupakua. Tuliporudi na sufuria tupu, alikuwa bado ameketi, kichwa kimeegemea ukuta, na upawa wake uko mapajani. Alikuwa ameshaondoka.

Sitaki kujilaumu kwa ajili ya siku ile. Hatukujua, na asiyejua hahukumiwi. Lakini wewe unayesoma hapa umeshajua, kwa hiyo wewe hukumu yako ipo. Kifua kubana kama kimekaliwa na mtu, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono au kwenda mgongoni, jasho baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika. Kwa wanawake wakati mwingine kifua hakiumi sana, ni uchovu tu wa ajabu na pumzi fupi. Hiyo si ya kukorogewa kitu. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali, hata kama mtu mwenyewe anakutukana njia nzima.

Aliyenifundisha haya ni Sista, muuguzi wa zahanati ya kiwanda, mama mkali aliyevaa viatu vyeupe visivyoshika vumbi. Baada ya mazishi nilimfuata nikamwuliza mtu anakufaje kwa asidi. Hakunicheka. Alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza hewa mpaka vidole vikafa ganzi, akanieleza. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Chumvi nyingi huzipandisha zote mbili, mafuta yanayoganda huenda kuganda mahali pengine, na sigara humaliza kazi iliyobaki. "Na usingoje kusikia kitu," aliniambia. "Presha haipigi hodi."

"Sasa Sista, mbona kila mtu hapa ako na nguvu?" nilimwuliza.

"Mpishi Mkuu alikuwa na nguvu pia," akajibu. "Wewe ndiwe utakayeshika upawa wake. Utawapikia nini?"

Swali hilo nililala nalo. Nilipopandishwa cheo, debe la mafuta ya kuganda sikuliagiza tena. Nilitumia mafuta ya maji, tena machache, na sikuyarudia kukaangia mpaka yageuke meusi kama wanavyofanya wauza chipsi. Kabichi niliikatiza njiani ikiwa bado na rangi. Nilileta mboga za majani, terere na managu, maharagwe nikayaongeza, nyama nikaikata mafuta kabla haijaingia sufuriani. Ladha niliitafuta kwenye kitunguu kilichokaangwa taratibu, tangawizi, kitunguu saumu, dania na ndimu. Mpishi anayetegemea chumvi peke yake hajasoma kazi. Kisha nikaondoa vikopo vyote mezani.

Ngai! Kama mngesikia. Siku hiyo walikaa, mikono ikaenda kutafuta kikopo, ikakuta meza tupu. Halafu kijiko kimoja kikagonga sahani ya bati, kikafuata kingine, mpaka kantini nzima ikawa inapiga sahani. Niliingia nyuma ya magunia nikalia. Nilipochungulia kuona ni nani anaongoza, alikuwa Ndung'u, mume wangu wa ndoa, amesimama anapiga sahani kama ngoma ya skauti.

"Chumvi! Chumvi! Hii ni chakula ya hospitali!" alipiga kelele, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Meneja wa Utumishi aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache na tai ya kijani aliyoivaa wiki nzima.

"Mama, wafanyakazi wanasema unawalisha kama wafungwa."

"Nawalisha kama watu ninaotaka kuwaona kesho, bwana Meneja."

"Kazi yako ni kupika. Afya iko na Sista."

"Mpishi Mkuu alifia juu ya gunia langu la maharagwe. Sista hakuitwa. Tuliokuwepo ni sisi wapishi."

Akaangalia dirishani kidogo. "Rudisha chumvi kabla sijapata mgomo," alisema. "Hiyo ni amri."

Nikatii amri. Nilirudisha chumvi, lakini kikopo kimoja tu, nami sikukiweka mezani. Nilikiweka kwenye dirisha la kupakulia, karibu na kiwiko changu. Anayetaka chumvi alikuwa sharti ainuke na sahani yake, avuke ukumbi wote, aje aniombe uso kwa uso. Nami sikumnyima mtu. Nilimwuliza swali moja tu: "Umeonja kwanza?"

Mjue, mtu mzima huona haya kusema uongo mbele ya mpishi. Wengi walisita, wakaonja palepale wamesimama, wakaguna, wakarudi kukaa. Wengine waliomba chumvi, nikawapa, ila kwenda na kurudi kuliwachosha. Kelele za sahani ziliendelea kwa muda, kisha zikawa mzaha, kisha zikaisha. Walioapa kwamba nitafukuzwa walingoja sana. Dua la kuku halimpati mwewe.

Ndung'u hakuwahi kuja dirishani. Kiburi. Alivuka geti akaenda kibandani kula supu na mutura, ile soseji ya damu inayochomwa, pamoja na kachumbari iliyotiwa chumvi ya kutosha kuhifadhi ng'ombe. Nyumbani nilimpikia nilivyotaka, naye akala akinuna. Sista alimpima, akamkuta na presha, akamwandikia vidonge. Alivimeza mpaka akajisikia vizuri, akaacha. Hilo nalo ni kosa la watu wetu. Vidonge vya presha si vya maumivu ya kichwa, havimezwi mpaka upone halafu viwekwe kabatini. Nikamwambia. Akanijibu, "Mama Wanjiku, mimi ni wa kubeba marobota. Presha ni ya watu wa ofisi." Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi sikukubali kwamba sikio lile lilikuwa la kufa. Niliendelea kusema.

Kiwanda kilipopunguza watu, nilipata kazi Ruiru, kwenye shule ya bweni upande wa Gitothua. Mwalimu Mkuu wa hapo alinipokea kwa sentensi moja: "Mama, pika unavyojua, mradi kengele ikilia chakula kiwe mezani." Nilitaka kumkumbatia. Wasichana walizoea mapema, maana mtoto huzoea anachopewa. Walimu ndio walionisumbua, na kikopo changu kilifanya kazi ileile kwenye dirisha jipya. Wakati huo tulikuwa tumejenga nyumba kwenye kaploti ketu Gatongora, Ndung'u amestaafu, tumbo limemtangulia kila aendako. Alikuwa akipumzika kila akipanda kile kilima cha kutoka stejini, kwenye kituo cha matatu. Akisimama alijifanya anasoma mabango ya nyumba za kupangisha. Mimi nilimwona, na nilishawahi kuona mtu akipumzika nusu ya njia namna ile.

Ndipo likaja jambo ambalo ukoo haujanisamehe.

Wanjiku alipata mchumba, na wageni wakaja Gatongora kwa ruracio, yale mazungumzo ya mahari. Kwa desturi yetu wazee hukaa ndani peke yao, wanaume, na mazungumzo yakishafunguliwa mtu hatoki mpaka yafungwe. Mwanamke huingia akiitwa. Na siku hiyo mama wa msichana hashiki mwiko, kwa hiyo jikoni sikuwa na sauti. Mbuzi walichomwa na vijana wa ukoo, na vipande vinono, vile vya mbavu vinavyotiririka mafuta, vilipelekwa kwa baba wa msichana kama heshima. Ndung'u alikula heshima yote.

Kulikuwa na baridi ile ya Julai yenye ukungu. Nilipita karibu na dirisha nikiwa nimebeba vikombe, nikamwona akipangusa uso kwa mkono wa koti. Jasho. Watu wengine wote walikuwa wamejifunika. Akajishika taya. Nikasimama. Nikasikia mzee mmoja akiuliza, "Vipi, Baba Wanjiku?" na Ndung'u akijibu, "Asidi tu." Msemaji wa ukoo wetu, mzee anayeheshimiwa kwa ulimi wake, akasema, "Mleteeni supu moto, itashusha."

Niliona tena lile gunia la maharagwe la Thika. Vikombe viliniponyoka, nikaingia.

"Mama Wanjiku," msemaji akaanza, polepole, kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka wageni waone. "Hapa ni wazee wanaongea. Toka kwanza, tutakuita."

"Sitangoja kuitwa. Baba Wanjiku, simama."

"Wee, unaniaibisha," Ndung'u alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nakuaibisha. Simama."

"Ukimtoa hapo mazungumzo yamevunjika," msemaji akasema, sasa kwa sauti. "Hawa wageni warudi na mbuzi wao?"

"Warudi nao. Hao mbuzi wataishi. Mimi nataka na huyu aishi."

"Haiya! Huyu mama amekuwa aje?" msemaji akawauliza wazee wenzake.

Nilimshika Ndung'u kwapani, mimi niliyeinua sufuria za kiwanda, nikamwinua. Mchumba wa Wanjiku, Mungu ambariki kijana yule, aliruka akashika upande wa pili kabla baba yake hajamkataza. Tulimweka kwenye gari walilokuja nalo wageni. Wanjiku, katika nguo zake za siku hiyo, alikimbia mbele akafungua geti. Njiani Ndung'u alinitukana, kisha akanyamaza, na kimya chake kiliniogopesha kuliko matusi. Nikamshika mkono, nikamwambia anitukane tena.

Hospitalini walimpokea mbio, wakamfunga nyaya kifuani, wakampa dawa. Daktari, kijana wa umri wa Wanjiku, alikuja kunitafuta kwenye benchi. "Mama, ni moyo," alisema. "Mmemleta mapema. Mngemaliza hiyo ruracio kwanza, saa hii ningekuwa nawaambia maneno mengine." Nililia mbele ya watu, kwa sauti, na sikujali.

Ukoo ulinipigia kikao. Walisema nimeingia mahali pa wazee, nimevunja mazungumzo, nimemfanya mume wangu mtoto mbele ya wakwe, na kwamba nitoe mbuzi wa kuomba msamaha. Wahenga wanasema heri lawama kuliko fedheha. Mimi nasema heri lawama kuliko matanga. Niliwaambia wazee wale kwamba mbuzi huyo watamla siku nitakapoliona kosa langu, na macho yangu bado ni mazima. Mpaka leo sijatoa.

Mazungumzo yalirudiwa Ndung'u alipopata nguvu, maana kijana hakumwacha Wanjiku. Mara hiyo desturi ya kutoshika mwiko niliivunja pia, nikapika mwenyewe. Nyama ilichemshwa ikaondolewa mafuta, kulikuwa na nduma, mukimo wa viazi vya kuponda na majani mengi, maharagwe na parachichi. Mezani hapakuwa na chumvi. Wazee walitafuta, wakatazamana. Nami niliketi karibu na mlango, kikopo mapajani. Msemaji wa ukoo alivumilia, akavumilia, kisha akainuka na sahani yake akavuka chumba chote mpaka nilipo.

"Mama Wanjiku, naomba chumvi," alisema.

"Umeonja kwanza?" nikamwuliza.

Akaonja akiwa amesimama. Akarudi kukaa, bila chumvi na bila neno, na huyo ni mtu wa maneno.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuagana Mwalimu Mkuu alinipa shuka na mwavuli, na walimu wakaninunulia kikopo kipya cha chumvi kwa utani. Nimekiweka juu ya friji, kitupu. Watu huniambia nipumzike, nile maisha, kwamba mtu akizeeka hata ukimnyima chumvi atakufa tu. Najua atakufa. Sijawahi kuahidi mtu kwamba hatakufa. Nilichokataa ni mtu kufa mbele yangu huku tukimkorogea magadi na kumpongeza kwa kucheua. Hilo nilikataa Thika, nikakataa Ruiru, na nitakataa mkinialika kwenu. Nendeni mkapimwe presha na sukari mkiwa wazima. Mkipewa vidonge, vimezeni hata siku mnayojisikia kucheza. Ukiambiwa baba yako au ndugu yako alianguka ghafla akiwa kijana, mwambie daktari, usione haya. Na nyinyi wapishi, watu wakiwapigia sahani, waacheni wapige.

Ndung'u humeza vidonge vyake kila asubuhi, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyevitengeneza. Hutembea mpaka Gitothua na kurudi, na siku hizi kilima cha stejini hukipanda bila kusoma mabango. Mchana huketi mezani, huonja, hukunja uso, kisha huchukua kijiko akaanza kupiga sahani, vilevile kama zamani kantini. Majirani hudhani tunagombana. Sauti ile ndiyo iliyoniliza nyuma ya magunia. Siku hizi ikichelewa, mkono wangu husimama juu ya sufuria nikatega sikio mpaka niisikie.

"Chumvi!" hupiga kelele.

Apige tu. Hapati.